Kichwa kinachouma mara kwa mara: maswali ya watu wa Tabora na Kigoma

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kwenye dirisha la duka la dawa na kwenye mabenchi ya zahanati, kuanzia Nzega hadi Ujiji. Kama una mgonjwa nyumbani sasa hivi na unasoma kwa haraka, ruka hadi swali la "Ni wakati gani nisingoje kesho?"

Kila kichwa kikiniuma nanunua dawa mseto, na kweli napata nafuu. Si ndiyo kusema ilikuwa malaria?

Hapana. Vichwa vingi huondoka vyenyewe ndani ya saa chache au siku moja mbili, umeze kitu usimeze. Tena wengi wanaonunua dawa mseto huchukua na parasetamoli hapohapo. Wakipona, sifa inakwenda kwa dawa mseto, na ile ya bei ndogo iliyofanya kazi haitajwi.

Malaria ipo, na ipo kwelikweli. Tabora na Kigoma ni kati ya mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini, kwa hiyo anayeamka na homa, baridi, viungo kuuma na kichwa apimwe siku hiyohiyo. Lakini malaria ina mwendo wake. Inakuja na homa na kuzidi ndani ya siku chache. Haikai miezi minane ikikugonga mara mbili kwa wiki, halafu ikakuacha uende shambani kama kawaida. Kichwa kinachorudi hivyo bila homa kina sababu nyingine, na kila dozi unayomeza kwa kukisia inachelewesha kuitafuta hiyo sababu.

Kipimo cha haraka, kile cha tone la damu kidoleni, kina mambo mawili ambayo mgonjwa haambiwi. La kwanza, kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinatafuta protini ya vimelea na protini hiyo huchelewa kuisha damuni. Ukirudi kupimwa muda mfupi baada ya kumaliza dozi, ulizia kipimo cha hadubini. La pili, mtu mzima aliyekulia huku anaweza kuwa na vimelea wachache damuni bila kuumwa. Atapewa dawa, sawa, ila kichwa chake cha miaka mitatu hakitaondolewa na dozi ya siku tatu. Na kipimo kikisema hakuna, usimeze "kwa usalama tu".

Mimi walisema ni taifodi sugu. Kila nikipima naambiwa bado ipo.

Huenda umepimwa kwa Widal. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kuisha, au hutokana na maambukizi mengine kabisa. Jibu moja la Widal halitoshi kusema mtu anaumwa. Kinachoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Homa ya matumbo, kama jina lake linavyosema, ni homa: inapanda siku baada ya siku, tumbo linasumbua, mtu analegea. Hakuna taifodi inayokaa kichwani peke yake mwaka mzima huku unakula na kufanya kazi. Ukishamaliza dozi ya pili ya siprofloksasini na kichwa kiko palepale, usiombe ya tatu. Omba uchunguzi uanze upya.

Nitajuaje kichwa changu ni cha aina gani?

Kwa kukisikiliza kinavyokuja. Aina mbili ndizo zinazosumbua watu wengi zaidi, na hakuna hata moja inayoonekana kwenye kipimo cha damu.

Ya kwanza ni kichwa cha mkazo. Kinabana pande zote mbili kama kitambaa kilichokazwa kupita kiasi, mara nyingi na shingo na mabega vikiwa vimekakamaa. Kinakera, lakini hakikuangushi. Unaweza kuendelea kupika au kuendesha bodaboda yako. Kinaweza kudumu nusu saa au siku kadhaa. Hutokana na msongo wa mawazo, usingizi mbovu, kuinama muda mrefu kwenye cherehani au simu, na kubeba mizigo mizito kichwani.

Ya pili ni kipandauso, na hapa tukae kidogo, kwa sababu ndicho kinachopewa majina ya uongo kuliko vyote. Mara nyingi kinashika upande mmoja, kinagonga kwa mapigo, na ukipanda ngazi au kuinuka ghafla kinazidi. Mtu anasikia kichefuchefu, wengine wanatapika. Hataki mwanga, hataki kelele, anatafuta chumba chenye giza. Bila dawa hudumu kati ya saa 4 na siku 3, kisha huondoka na mtu akawa mzima kabisa mpaka siku nyingine. Baadhi ya wagonjwa huanza kwa kuona vimulimuli au mistari ya kumetameta, au kusikia ganzi ikitambaa mkononi na usoni. Hali hiyo huja polepole na kwa kawaida huisha ndani ya saa moja. Wanawake wanakipata karibu mara tatu ya wanaume, wengi wao siku za hedhi zinapokaribia, homoni zinaposhuka. Kinarithiwa pia: uliza kama mama au shangazi alikuwa na "kile kichwa chake".

Mtu anayetapika na kukimbia mwanga akisikia "una malaria" anaamini, kwa sababu na malaria hutapisha. Hivyo unaweza kukuta mwanamke wa miaka 35 ametibiwa malaria tangu akiwa shule ya msingi, kumbe muda wote ni kipandauso.

Kuna na aina ya tatu, adimu lakini kali sana: maumivu nyuma ya jicho moja, jicho hilohilo linatoa machozi na kuwa jekundu, pua upande huo inaziba, mtu hawezi kutulia, anazunguka chumbani. Kinadumu dakika 15 hadi saa 3, na hupenda kurudi saa ileile kila siku kwa wiki kadhaa. Hiki hakitulizwi na vidonge vya dukani. Nenda hospitali ukakieleze hivyohivyo.

Nalima tumbaku Urambo. Msimu wa kuchuma nikirudi nyumbani jioni kichwa kinauma, kizunguzungu, natapika. Napima malaria hamna. Ni nini?

Yaelekea ni tumbaku yenyewe. Nikotini haihitaji kuvutwa ili iingie mwilini. Iko kwenye jani bichi, na jani likiwa na umande au maji ya mvua inayeyuka na kupenya kwenye ngozi ya mikono, mapaja na mgongo wa anayechuma na kukumbatia majani. Baada ya saa chache yanakuja hayohayo uliyoyataja: kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota, mwili kuishiwa nguvu, wakati mwingine moyo kwenda mbio. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili ukikaa mbali na majani, ndiyo maana wengi wanadhani dawa ya malaria waliyomeza usiku ule ndiyo iliyowaponya.

Kinga yake haina ufundi. Subiri umande ukauke ndipo uchume, na mvua ikinyesha acha kwanza. Vaa shati la mikono mirefu, suruali, na glavu za mpira ukizipata; wengine hujifunga mfuko wa nailoni kiunoni ili majani yasigusane na ngozi. Nguo zikilowa, badilisha hapohapo shambani, usizingoje zikaukie mwilini. Oga kwa sabuni ukitoka, na nguo za tumbaku zifuliwe peke yake. Watoto na wajawazito wasichume. Hili la watoto husemwa kila msimu na kila msimu wanaonekana mashambani.

Kama siku hiyo mlinyunyizia viuatilifu, fikiria jambo jingine. Mate na jasho kutoka kwa wingi, machozi, mboni za macho kuwa ndogo sana, kifua kubana na misuli kutetema ni dalili za sumu. Mvue mgonjwa nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize kituoni pamoja na chupa au pakiti ya dawa iliyotumika.

Kwenye mabani, yaani nyumba za kukaushia tumbaku, nako kuna moshi. Anayelala akichochea moto wa tumbaku ya mvuke na kuamka na kichwa kizito amevuta hewa chafu usiku kucha. Alale nje ya njia ya moshi na wapokezane zamu.

Na jiko la mkaa ndani, linaumiza kichwa kweli?

Linaua, acha kuumiza. Miezi ya sita na ya saba usiku wa Tabora una baridi, watu wanaingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu wala rangi. Alama yake kubwa: nyumba nzima mnaamka na kichwa, na mkitoka nje kinapungua. Jiko likae nje, hata kama mkaa umebaki majivu mekundu tu.

Nameza vidonge vya maumivu karibu kila siku, lakini kichwa ndiyo kwanza kinazidi.

Hili ni swali la watu wengi kuliko wanaokiri. Vidonge vya kutuliza maumivu vikimezwa mara nyingi mno vinageuka kuwa chanzo. Kipimo chake ni hiki: parasetamoli, ibuprofeni, aspirini au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vya mchanganyiko, vyenye kafeini, kodeini au tramadoli siku 10 au zaidi kwa mwezi, ikiendelea hivyo zaidi ya miezi 3. Dawa inapoisha mwilini kichwa kinadai nyingine. Unaamka alfajiri kikiuma, unameza, kinatulia, mchana kinarudi.

Njia ya kutoka ni kuacha. Kwa dawa za kawaida unaweza kukata mara moja. Siku 2 hadi 10 za mwanzo zitakuwa mbaya kuliko kawaida, pamoja na kichefuchefu na usingizi wa shida, kwa hiyo chagua wiki isiyo na kazi nzito na uwaambie nyumbani. Baada ya hapo kichwa huanza kupungua. Wengine huhitaji hadi miezi miwili. Kama umekuwa ukimeza tramadoli, kodeini au dawa za usingizi, usikate peke yako. Hizo hupunguzwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari.

Angalia pia unachomeza kina nini. Vile vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli vinavyouzwa kila kona vina parasetamoli tayari, na mtu akiongeza parasetamoli juu yake anazidisha dozi bila kujua. Mtu mzima asizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na ini la mnywaji wa pombe halivumilii hata hizo. Diklofenaki na ibuprofeni zinaumiza tumbo na figo na kupandisha presha; mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aziache.

Basi nikimeze lini?

Kwa kipandauso, mapema. Wengi hungoja hadi kichwa kipasuke, na wakati huo tumbo limeshasimama, dawa haisogei. Mtu mzima asiye na vikwazo anaweza kumeza parasetamoli gramu 1 au ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula mara tu kinapoanza, kisha akalale gizani. Kama unatapika, omba kituoni dawa ya kuzuia kutapika. Siku za dawa zisizidi mbili kwa wiki.

Kikija mara nne au zaidi kwa mwezi, au kikikulaza kitandani kila kinapokuja, kuna dawa za kumeza kila siku ili kisije. Propranololi ni mojawapo, isipokuwa kwa mwenye pumu. Amitriptilini ni nyingine, dozi ndogo ya usiku. Watu wanaiogopa kwa sababu hutumika pia kwa sonona, lakini hapa inapewa kwa kazi ya kichwa. Zote ni za bei nafuu na huandikwa na daktari. Zipe miezi miwili kabla ya kusema hazifanyi kazi, na kama vichwa vimepungua nusu, hiyo ni tiba iliyofaulu hata kama hukupona kabisa.

Dada anayepata kipandauso chenye vimulimuli amwambie mtoa huduma wa uzazi wa mpango. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili humwongezea hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine nyingi.

Si ni presha?

Mara chache. Presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote, na wengi wanaotembea na 160 juu ya 100 hawasikii lolote. Kosa liko pande mbili: mwenye kichwa anameza dawa za presha za jirani bila kupimwa, na mwenye presha anaacha dawa kwa kuwa kichwa hakiumi. Pima. Ikifika 180 juu ya 120 na una kichwa kikali, macho hayaoni vizuri au kifua kinabana, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nikinunua miwani?

Kama kichwa kinakuja baada ya kusoma au kushona, na kinatulia siku ya mapumziko, pima macho kwanza. Miwani ya mnadani ya kubahatisha inaweza kukuongezea kichwa cha pili.

Mimi mvuvi wa dagaa Kibirizi. Mbona kichwa kinanisumbua zaidi mwezi ukiwa mkubwa, wakati hata ziwani hatuendi?

Swali zuri, na jibu lake liko kwenye usingizi. Wakati wa giza unakesha na taa ziwani na kulala mchana. Mbalamwezi ikija unapumzika, mwili unalazimika kurudi kulala usiku, na siku mbili tatu hizo unalala kupita kiasi au hulali kabisa. Kichwa chenye kipandauso hakipendi mabadiliko: kulala kidogo kunakiamsha, kulala sana kunakiamsha, kuruka mlo nako vilevile. Jaribu kubakiza saa chache ambazo unalala kila siku, iwe giza au mbalamwezi, kwa mfano kuanzia alfajiri ukitoka ziwani hadi asubuhi, na sogeza nyingine kidogokidogo. Ziba madirisha. Kula kabla ya kuingia chomboni, beba maji ya kunywa yaliyo safi, na punguza vile vinywaji vya kuongeza nguvu. Vina kafeini nyingi na kesho yake vinadai.

Kila Ramadhani siku za mwanzo kichwa kinaniua kuanzia mchana.

Ni kahawa. Anayezoea vikombe kadhaa barazani kwa siku akikata ghafla hupata kichwa kuanzia saa 12 hadi 24 baadaye, na kinaweza kukaa hadi wiki moja au zaidi. Anza kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Daku usiiruke, na maji yanywe kwa awamu kati ya futari na daku.

Ni wakati gani nisingoje kesho?

Kichwa kilichokuja ghafla na kufika kilele ndani ya dakika moja, kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata. Kichwa na homa pamoja na shingo kukaza, au mtu kuchanganyikiwa, au degedege. Udhaifu wa upande mmoja, mdomo kupinda, maneno kutotoka. Kichwa kinachozidi baada ya ajali ya bodaboda au kuanguka, hata kama ajali ilikuwa wiki mbili zilizopita na ilionekana ndogo. Kinachokuamsha kila alfajiri pamoja na kutapika na kuzidi wiki hadi wiki. Kichwa kipya kilichoanza baada ya miaka 50. Na mtu anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka, kichwa kikimwandama siku kadhaa asinunue panadoli: kuna fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo, na wakigunduliwa mapema hutibika.

Mjamzito tunamtaja peke yake. Kuanzia wiki ya 20 hadi wiki 6 baada ya kujifungua, kichwa kikali, macho kuona ukungu, maumivu juu ya tumbo au uso na mikono kuvimba ni dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia. Apimwe presha na mkojo leo. Ikiwa ni usiku, aondoke usiku.

Naingia porini kurina asali. Nina homa ya kuja na kuondoka na kichwa, malaria haionekani.

Mwambie mtoa huduma kwamba umetoka porini, kwa sababu asipojua hatafikiri malale. Maeneo ya Urambo, Kaliua, Kasulu na Kibondo yamekuwa na ugonjwa huo kwa miaka mingi, ingawa siku hizi ni nadra. Unaletwa na mbung'o. Wakati mwingine kunakuwa na uvimbe mwekundu pale alipouma, tezi zinavimba, baadaye usingizi unageuka: mchana unasinzia, usiku uko macho. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuuonyesha. Damu yako itazamwe kwa hadubini. Kwa walalao kwenye nyumba za udongo zenye papasi, hadubini hiyohiyo huonyesha na homa ya papasi.

Nipigwe picha ya kichwa?

Kama maelezo yako ni ya kipandauso au mkazo na daktari akikupima mishipa ya fahamu haoni kasoro, picha ya CT itatoka safi na fedha yako itakuwa imekwenda. Inahitajika pale penye dalili za lile swali la kutongoja kesho. Daktari wa hospitali ya mkoa, Kitete kwa Tabora au Maweni kwa Kigoma, ndiye atakayesema, na akiona inabidi kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, atakuandikia rufaa.

Bibi anataka mtoto achanjwe chale kwenye paji la uso.

Mwambie bibi kwa heshima kwamba wembe uliotumika kwa wengine unaweza kuleta VVU na homa ya ini. Kumfunga kitambaa kichwani, kumweka kivulini na kumpa maji havina ubaya, na vinasaidia. Lakini mtoto mwenye homa na kichwa apimwe malaria siku hiyohiyo, na asipewe aspirini chini ya miaka 16. Watoto nao wana kipandauso: chao ni kifupi, mara nyingi huuma pande zote mbili, na wakati mwingine tumbo ndilo hulalamika zaidi ya kichwa.

Nikienda kituoni niseme nini ili wanielewe?

Beba daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila siku kichwa kilipouma: kilianza saa ngapi, kiliisha lini, upande gani, ulitapika au la, ulilala saa ngapi, ulikula nini na lini, umemeza kidonge gani na vingapi, na kwa mwanamke, siku za hedhi. Mistari miwili inatosha. Chukua pia pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile za kuona aibu, na vyeti vya vipimo vya zamani. Dawati la daktari lina foleni ndefu na atakuwa na dakika chache; mfungulie ukurasa ulioandika siku na vidonge kwanza.